Joho Likivuliwa, Nani Anabaki?

Wanasheria wawili waliopitia Shule ya Tabora walishika karibu kila aina ya cheo nchini. Mmoja akaishia madhabahuni, mwingine akafanya kazi hadi mwaka wake wa mwisho. Wewe na mwenzi wako mna nini cha kujifunza kwao, na kwa nini barabara ya zamani ya misafara inaweza kuwa mahali pazuri pa kuanzia?

Ukikutana na mtu kwenye sherehe, swali la kwanza baada ya jina huwa ni hili: unafanya kazi wapi? Wengi wetu tunalijibu harakaharaka. Niko benki. Niko kampuni ya simu. Mimi wakili. Tunajibu kama vile kazi ndiyo jina letu la ukoo. Sasa hebu jiulize: siku ukikabidhi kitambulisho cha ofisi na funguo za droo, swali hilo utalijibuje?

Vijana wengi husema hilo ni suala la wazee. Una miaka 31, ndoa bado changa, mkopo wa gari haujaisha, mambo ya kustaafu ya nini? Ukweli ni kwamba mtu hafundishwi kustaafu siku ya hafla ya kuagwa. Anajifunza akiwa bado bize, kwa namna anavyozitumia Jumamosi zake. Ndiyo maana mwezi huu tunakupeleka Tabora.

Shule ya Tabora na vijana wake

Tabora ni mji wa miembe, asali na reli. Ni mji pia wenye shule ambayo Waingereza waliianzisha katika miaka ya 1920, kwanza wakiwalenga watoto wa machifu. Wengi tunaiita Tabora Boys. Mwalimu Nyerere alisoma hapo. Rashidi Kawawa naye alisoma hapo. Ukichunguza historia ya uongozi wa nchi hii, hukai muda mrefu bila kukutana na mtu aliyewahi kulala bweni la Tabora.

Kati ya vijana waliopita hapo mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, wawili walienda kusomea sheria Dar es Salaam. Mmoja alikuwa mtoto wa Urambo, magharibi mwa Tabora, aitwaye Samuel Sitta. Mwingine alizaliwa Zanzibar, Kisima Majongoo, tarehe 28 Desemba 1945. Huyu ni Augustino Ramadhani.

Wote wawili wameshatangulia mbele ya haki. Lakini maisha yao yametuachia somo ambalo semina za ofisini hazilifundishi.

Jaji, brigedia, padri

Tuanze na Jaji Ramadhani. Ukisoma orodha ya kazi zake unaweza kudhani ni za watu wanne tofauti.

Baada ya shahada ya sheria aliingia jeshini, akapanda hadi brigedia jenerali. Mwaka 1980 akawa Jaji Mkuu wa Zanzibar, akiwa na miaka 34 tu. Mwaka 1989 akahamia Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Katikati ya hayo akawa Makamu Mwenyekiti wa Tume ya Taifa ya Uchaguzi, katika miaka ile nchi ilipokuwa inajifunza kupiga kura chini ya mfumo wa vyama vingi. Mwaka 2007 akateuliwa kuwa Jaji Mkuu wa Tanzania.

Halafu ikafika Desemba 2010. Kwa mujibu wa Katiba yetu, jaji wa Mahakama Kuu anastaafu akitimiza miaka 60, na wa Rufani akitimiza 65. Jaji Ramadhani alitimiza 65 mwezi huo. Umri ukifika, haijalishi ulikuwa mkubwa kiasi gani. Joho linavuliwa.

Wengi hapo ndipo wanapokwama. Yeye hakukwama, na sababu ni kwamba hakuwahi kuwa jaji peke yake. Alikuwa mtu wa mpira wa kikapu, mchezo ambao aliucheza na kuupenda. Alikuwa mtu wa muziki, anayekaa kwenye kinanda kanisani. Alikuwa muumini wa Kanisa Anglikana asiyesubiri kustaafu ndipo akumbuke njia ya kwenda ibadani. Joho la jaji lilipovuliwa, chini yake kulikuwa na mtu mzima aliyekamilika.

Kwa hiyo alichokifanya baadaye hakikuwa cha ajabu kwa waliomfahamu. Aliwekwa wakfu kuwa padri. Fikiria hilo kidogo. Mtu aliyekalia kiti cha juu kabisa cha mahakama nchini anakubali kuanza upya, kama mwanafunzi, katika wito mwingine.

Wakati huohuo hakuacha sheria. Alikuwa jaji wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, na kuanzia 2014 hadi 2016 akawa Rais wake. Mwaka 2012 aliteuliwa kuwa Makamu Mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba. Mwaka 2015 alichukua fomu kuomba chama chake, CCM, kimpitishe kugombea urais. Hakupita, na maisha yakaendelea. Alifariki tarehe 28 Aprili 2020 akiwa na miaka 74.

"Mheshimiwa Spika" nyumbani na bungeni

Samuel Sitta alipita njia nyingine. Alizaliwa Urambo tarehe 18 Desemba 1942. Sheria aliisoma, lakini siasa ndiyo iliyomchukua. Aliingia bungeni mwaka 1975. Aliwahi kuwa mkuu wa mkoa na waziri. Aliongoza Kituo cha Uwekezaji Tanzania. Desemba 2005 akachaguliwa kuwa Spika, na kaulimbiu yake ya "viwango na kasi" ikawa msemo wa mitaani. Ni katika Bunge lake ndipo Februari 2008 ripoti ya kamati teule kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond ilisomwa, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu.

Kwa jarida la wapenzi na wanandoa, kuna jambo jingine la kuvutia zaidi. Mke wake, Margaret Sitta, hakuwa mke wa kukaa kando na kupiga makofi. Alikuwa mwalimu aliyefika kuwa Rais wa Chama cha Walimu Tanzania. Mwaka 2006 akawa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Ufundi. Kwa kanuni za Bunge, kila anayesimama kuzungumza anamwelekea anayeongoza kikao. Hebu vuta picha: asubuhi mnakunywa chai pamoja, saa chache baadaye mmoja amekalia kiti kikuu na mwingine anasimama kujibu maswali ya wabunge, akianza na "Mheshimiwa Spika".

Ndoa ngapi mjini zingeweza kulibeba hilo? Kuna wanandoa leo hawaongei wiki nzima kwa sababu mmoja kapandishwa cheo na mwingine bado. Hatujui kilichozungumzwa chumbani kwao, na si kazi yetu kujua. Tunachokiona kutoka nje ni kwamba kazi ya mmoja haikuizima ya mwingine. Mwaka 2015 Samuel alipoacha ubunge, Margaret ndiye aliyechaguliwa kuwa Mbunge wa Urambo, na wananchi wakamrudisha tena 2020.

Kisha kuna sehemu inayouma. Baada ya uspika, Sitta alikuwa Waziri wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki. Mwaka 2014 akaongoza Bunge Maalumu la Katiba, lile lililopokea rasimu kutoka kwa tume ambayo Jaji Ramadhani alikuwa makamu mwenyekiti wake. Vijana wawili wa shule moja, kila mmoja upande wake wa waraka mmoja. Mwaka 2015 akawa Waziri wa Uchukuzi, mwenye dhamana ya reli ileile inayopita Tabora na Urambo. Mwishoni mwa 2015 akatoka serikalini. Tarehe 7 Novemba 2016 akafariki Munich, Ujerumani, alikokuwa akitibiwa. Akazikwa nyumbani, Urambo.

Hesabu mwenyewe. Miaka arobaini ya kuitwa mheshimiwa, na takriban mwaka mmoja tu wa kupumzika.

Kwa nini tunasubiri?

Hapa ndipo mambo yanapokugusa wewe. Tunajiambia kwamba tutafanya vitu tunavyovipenda "mambo yakikaa sawa". Tutasafiri watoto wakikua. Tutajifunza gitaa nyumba ikiisha. Tutaoneshana kwetu na kwenu tukipata nafasi. Mwisho wa siku wanandoa wanafika miaka 60 wakiwa na nyumba nzuri, lakini ni wageni wawili wanaotumia jokofu moja. Miaka yote walikuwa wakikutana usiku, wamechoka, wakizungumzia ada na umeme. Kazi ikiondoka, hata mada za mazungumzo zinaondoka nazo.

Mawakili wanalijua hili zaidi ya wengi. Wakili wa kujitegemea hana umri wa lazima wa kustaafu kama alivyo jaji. Anaweza kuendelea kubeba mafaili hadi magoti yakatae. Uhuru huo ni mzuri, lakini ni mtego pia. Usipojiwekea mwenyewe siku ya kufunga faili, hakuna anayekuja kukuambia funga.

Dawa si kuacha kazi kesho. Dawa ni kuwa na jambo la pembeni lenye jasho, lenye safari, lenye hatari kidogo ya kupotea njia. Na kama wewe ni Mtanzania, huna haja ya tiketi ya ndege ya kwenda mbali. Kuna barabara.

Barabara ya watu waliotembea

Katika karne ya 19, njia kubwa ya misafara ilianzia pwani, Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikaendelea magharibi hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Ni takriban kilomita 1,200 kwa miguu. Tabora, wakati huo ikijulikana kwa majina kama Kazeh na Unyanyembe, ilikuwa njia panda. Ukitaka Ujiji, unapita hapo. Ukitaka Karagwe na Buganda, unageukia hapo kwenda kaskazini.

Richard Burton na John Speke walifika Kazeh Novemba 1857, baada ya zaidi ya miezi minne njiani. Henry Stanley alipita hapo 1871 akimtafuta David Livingstone, akamkuta Ujiji. Februari 1872 wakarudi pamoja hadi Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, na Livingstone akakaa kwenye tembe hapo hadi Agosti. Mwaka uliofuata mwili wake ulipita njia hiyohiyo ukielekea pwani, ukiwa umebebwa na watu wake, wakiwemo Chuma na Susi. Tembe la Kwihara bado lina kumbukumbu yake.

Lakini usiende pale kwa ajili ya Wazungu tu. Nenda kwa ajili ya Sidi Mubarak Bombay, aliyeongoza misafara ya Burton, Speke, Stanley na Cameron, akiijua nchi kuliko mabwana zake. Nenda kwa ajili ya Mtemi Mirambo, aliyeijenga Urambo na kuwatikisa wafanyabiashara wa Tabora hadi kifo chake 1884. Nenda kwa ajili ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye mwaka 1893 alilipua baruti ndani ya ngome yake kuliko kutekwa na Wajerumani.

Na ukiwa hapo, punguza sauti. Njia hii ilibeba pembe za ndovu na vitambaa, lakini ilibeba pia watu waliofungwa minyororo. Tangu 2006 imo kwenye orodha ya awali ya UNESCO ya urithi wa dunia kama njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Picha za pozi zina mahali pake. Kuna mahali ambapo ni bora mshikane mikono tu na kunyamaza.

Mzigo wa watu wawili

Sasa sikiliza hili, maana linawahusu wanandoa moja kwa moja. Wapagazi mashuhuri wa njia hii walikuwa Wanyamwezi. Kwao kutembea hadi pwani na kurudi kulikuwa ni kazi yenye heshima, na kijana aliyewahi kuuona mji wa pwani alirudi kijijini akiwa mtu mwingine. Mzigo wa kila mmoja ulikuwa wa kilo 30 hivi. Mbele alitembea kirangozi, kiongozi wa msafara, akiweka mwendo. Waliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Waliimba ili miguu isihesabu hatua.

Na hawakuwa wanaume peke yao. Wapagazi wengi walisafiri na wake zao. Wanawake walibeba vyombo na bidhaa zao, wakapika, wakafanya biashara ndogo kambini, wakauguza wagonjwa. Msafara ulikuwa kijiji kinachotembea.

Mzigo uliokuwa mzito kupita uwezo wa mtu mmoja ulifungwa kwenye mti, ukabebwa na watu wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma. Waliowahi kubeba hivyo wanajua siri yake: lazima mwende mwendo mmoja. Wa mbele akikimbia, wa nyuma anaumia. Wa nyuma akisimama bila kusema, wa mbele anavunjika bega. Haisaidii wewe kuwa na nguvu nyingi kama hujui mwenzio amechoka.

Je, ndoa ni nini zaidi ya hapo?

Mkitaka kujaribu

Si lazima mtembee kilomita 1,200. Anzeni na kipande kidogo.

Pandeni treni ya reli ya kati angalau mara moja. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kwa sehemu kubwa inafuata njia ya misafara. Ulizeni ratiba mapema na mchukue chakula cha akiba. Safari ni ndefu, na hiyo ndiyo faida yake. Mtaongea mambo ambayo hamjaongea tangu uchumba.

Tembeeni au endesheni baiskeli kutoka Tabora mjini hadi Kwihara. Ni kilomita chache, njia si ya milima, hata asiye na mazoezi ataweza. Ondokeni alfajiri kama wapagazi. Mwachukulie mwongozaji wa hapo mjini, mumlipe vizuri, na mumwache azungumze.

Mkiwa na siku zaidi, elekeeni Urambo, kilomita kama 90 magharibi, kwenye nchi ya Mirambo, mahali ambapo Waingereza walijaribu mradi wao mkubwa wa karanga baada ya Vita Kuu ya Pili na kushindwa, na tumbaku ikashika nafasi. Kisha Uvinza, kwenye chumvi iliyokuwa ikiwavutia wafanyabiashara tangu enzi hizo. Mwisho Ujiji, ziwa lipo mbele yenu, mmalizie kwa migebuka ya kukaanga.

Kabla ya kurudi, nunueni asali ya Tabora. Ile ya misitu ya miombo, nzito, yenye rangi ya chai. Kila asubuhi mtakapoionja mtakumbuka mlikotoka.

Na kama safari si jambo lenu, chagueni jingine. Kikapu, kinanda, kwaya, ufugaji wa nyuki, kupanda milima. Kanuni ni tatu tu. Liwe jambo ambalo halikuongezei cheo wala dili. Liwe na siku yake maalumu ambayo bosi haigusi. Na mwenzi wako awe na nafasi ndani yake, au awe na la kwake ambalo wewe unaliheshimu bila kununa.

Jaji Ramadhani hakusubiri miaka 65 ndipo ajifunze kinanda. Aliufikia umri huo akiwa anajua tayari kukipiga. Wengine tunaahirisha, tukidhani baada ya kustaafu kuna shamba kubwa la muda linatungoja, wakati wengine wamepewa mwaka mmoja tu.

Basi leo jioni, kabla hujafungua tena laptopu, muulize mwenzi wako swali hili dogo: tukiambiwa kesho hatuna kazi, wewe na mimi tutakuwa akina nani? Kama jibu linakuja haraka, hongereni. Kama kunakuwa kimya, msiogope. Angalieni kalenda, chagueni Jumamosi moja, mkafunge mizigo. Safari ni hatua.